Mzigo wa Yangeyange

Juzi niliona yangeyange wamejipanga kando ya mto hapa Guangzhou, China, nikacheka peke yangu.

Utotoni, katika mji huu huu, rafiki yangu Asha na wenzetu walinipeleka bustanini kutazama ndege. Baridi ilikuwa kali, maji yalinuka tope. Asha akasema ndege hawa huikimbia baridi, huenda nchi ya joto. Sikujua kwamba nchi yao ya joto ndiyo hii hii Guangzhou. Kwangu nchi ya joto ilikuwa Tanga tu, kwa bibi, aliyelalamikia baridi ya miguu kila akipiga simu. Na mtaani kwetu Sanyuanli, hakuna aliyesafiri kwenda Tanga bila kubebeshwa mzigo wa watu, mpaka kilo alizoruhusiwa kwenye ndege ziishe.

Nikavua soksi zangu za sufu, nikamnyooshea yangeyange mmoja. "Shikamoo. Mpelekee bibi, hazifiki hata robo kilo."

Akaruka, akaenda zake.

"Kakukatalia!" Asha akacheka.

"Hajakataa," nikasema. "Kilo zake zimejaa."