Jibu Nililompa Bwana Lango

Jumanne iliyopita, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la ofisi ya chama chetu cha wakulima wa kahawa, nimetumwa na bibi kuchukua kadi yake mpya, ndipo karani aliposema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Yule Bwana Lango wenu hatunaye tena. Presha. Wamemzika juzi huko huko ziwani, Mbamba Bay." Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akauliza, "Bwana Lango yupi? Yule aliyetuozeshea kahawa?" Karani akajibu, "Huyo huyo." Wakacheka kidogo, wala si kwa ubaya, wakarudi kwenye maongezi yao ya mbolea. Mimi nikapokea kadi, nikashukuru, nikaondoka. Ninyi mnaosoma safu hii kila Ijumaa kwenye gazeti letu la ukutani mmezoea kuniona nikiandika mambo ya darasani na ya mstarini. Leo mnivumilie, maana kahawa ile hakuiozesha yeye.

Jina la Bwana Lango tulimpa sisi. Alikuwa mtaalamu wa kompyuta, mtu wa Kondoa, aliyeletwa na chama kwa mkataba, akapanga nyumba jirani na kwetu. Chama kilikuwa na programu ya zamani iliyokaa katikati: upande huu mzani wa kinu cha kumenyea kahawa, upande ule daftari la wanachama, na vyote viliongea kwa kupitia hiyo programu. Sasa wakulima walitaka kuomba zamu ya kinu kwa simu, wanunuzi walitaka kuuliza ubora, na ofisi ya kilimo nayo ilikuwa na maswali yake. Wote wakiivamia ile programu kuukuu kwa pamoja, ingelala chini. Kwa hiyo alileta mfumo mpya wa kukaa mbele yake, lango, ambapo kila ombi lingesimama kwanza na kuulizwa: wewe nani, una ruhusa ya nini, leo umekuja mara ngapi. Kuleta lango ni kazi ya siku moja, alituambia, ila kulizoesha na mkongwe aliyemo ndani ni kazi ya miezi. Nilimwuliza kwa nini asimtoe huyo mkongwe. "Hafukuzwi," alisema. "Ndiye anayejua kila kitu kilipowekwa."

Siku moja alimfuata bibi shambani na viatu vyake vya ofisini, akateleza, akaketi ndani ya shimo la ngolo. Mliotoka mbali mmeyaona mashimo hayo ya mraba kwenye miteremko yetu, kila moja hupokea sehemu yake ya mvua ili maji yasibomoe shamba la chini. Bibi alimtazama pale topeni. "Baba, umepanda nini hapo?" "Nimejipanda mwenyewe, bibi." "Basi hutaota. Mbegu imezeeka." Alicheka hadi akajifuta machozi kwa mkono wa tope. Hakuinuka upesi. Aliyaangalia mashimo yale mpaka chini bondeni, akasema hiyo ndiyo kazi aliyokuja kuifanya, kwamba mvua haikatazwi, inagawanywa. Lango lake lingeruhusu kila simu maombi matano ya zamu kwa siku, asitokee mmoja wa kuwafurikia wengine. Bibi akamwambia, "Vizuri. Lakini ngolo haichimbwi na mtu asiyelijua shamba."

Naye alitaka kulijua. Alizunguka na karatasi kutoka Mkumbi hadi Namswea akimwuliza kila mwenye simu, "Hii inatumiwa na watu wangapi?" maana simu ya wengi angeiongezea kikomo. Mimi alinikuta Jumamosi nje ya duka la vocha, niko na wasichana watatu wa darasa letu, watoto wa watumishi, kila mmoja na simu yake nzuri. Niliyoshika ilikuwa ya bibi, kioo kimepasuka, betri imefungwa kwa mpira. Ukweli ni kwamba ilikuwa simu ya ntambo nzima, mgongo wetu wote wa kilima, kaya kumi na moja, na mimi ndiye niliyewasomea na kuwaandikia. Wenzangu walikwisha kuitania, "Simu ya kijiji hiyo, ina mwenyekiti wake." Aliponiuliza nilitazama chini. "Ya kwetu tu," nikasema. "Una hakika, mwanangu?" "Ndiyo." Akaandika.

Likizo ya Juni kahawa iliiva kwa mkupuo. Kahawa mbivu haingoji, ikichumwa leo inamenywa leo, na kinu kilikuwa hakipokei gunia lisilo na zamu. Kaya zote kumi na moja zilichuma asubuhi, mchana wakaja uani kwetu niwaombee. Watano walipata. Wa sita, simu ikajibu: Umefikisha kikomo cha leo, jaribu kesho. Aliyefuata alikuwa jirani yetu mjane, amekaa juu ya viroba vyake vinne. "Jaribu tena, mwanangu, labda ni mtandao." Nikajaribu tena, huku najua si mtandao. Kesho yake viroba vilikuwa na joto ndani kama chungu, vinanuka pombe, na kinu kikavikataa. Kaya sita zilimwaga kahawa ya siku nzima.

Mkutano uliitishwa. Mwenyekiti akamwuliza mtaalamu, "Wewe ulipita huku au ulikuwa unatembea tu?" Sauti nyingine ikadakia, "Huko kwao wanalima mtama, kahawa atajulia wapi?" Watu wakacheka. Yeye alikuwa na karatasi zake mkononi. Nilimwona akizipekua, akafika kwenye moja, akasoma, akainua macho yakanikuta nimejibanza nyuma ya bibi. Nilitamani ardhi ipasuke. Akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni. "Kosa ni langu," akasema. "Niliuliza swali vibaya. Ningeuliza kaya, nikauliza simu." Ikaandikwa kwenye daftari la kikao kwamba mtaalamu hakufanya uchunguzi wa kutosha. Wiki mbili zilizofuata hakutoka ofisini. Alilifundisha lango limwulize kwanza mkongwe wa ndani namba ya kadi ya mkulima, lihesabu kadi badala ya simu. Tangu hapo kaya zote za ntambo zinaomba kwa simu moja bila shida, mpaka leo. Ila mkataba wake ulipokwisha, chama hakikumwongezea. Akashuka ziwani kutafuta kazi nyingine.

Nilimwona mara moja tu tena, shule ilipotupeleka Mbamba Bay kwa masomo ya jiografia. Alikuwa ananunua dagaa mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapofikia. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu. Bibi bado ananicheka?" "Bado." Nilitaka kumwambia ukweli wa ile simu, wenzangu wakaniita kwenye gari, nikakimbia. Nikajisemea kwamba nitamwambia siku nyingine.

Nimelelewa nikisifiwa kwamba nina aibu, na kwamba msichana mwenye aibu ana adabu. Sasa naona kuna aibu inayomtwika mwenzio mzigo wako na kumwacha afe nao njiani. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha simu iliyopasuka kioo. Lango lile halikuwa na ubaya wowote, lilitii kile lilichoambiwa, na aliyeliambia ni mimi. Mitambo hii inayokuja huku kwetu itatuuliza mengi: tuko wangapi, tunakula wapi, tunalala vipi. Tukijibu kwa kujipamba, itatuhudumia kama watu tusiokuwa sisi, na anayeumia ni jirani.

Jumatano asubuhi, kabla ya shule, nilikwenda kwa yule mama mjane. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Nikamsalimu, nikamweleza yote nimesimama, hata sehemu ya wasichana wenye simu nzuri. Hakuacha kusugua mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, polepole, "Yule baba alinisalimu njiani mara tatu. Sikumwitikia hata mara moja." Akaweka sufuria chini. Akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge cha kanisani, akafunga mlango. "Twende kwa karani," akasema, "na huko utasema wewe, mimi nitasimama tu." Tukaenda. Nilisema. Karani alisema kilichoandikwa hakifutwi, lakini kinaweza kuongezewa, akafungua daftari la kikao kwenye ukurasa ule akanipa kalamu.