Atakuwa na Ndiye

Kwa miaka kumi na tisa Mama Chapa alikuwa karani wa kiwanda cha kufulia shuka za hospitali na nyumba za wageni. Jina hilo alilipata kwa kuchapa: barua za likizo, barua za onyo, maelezo ya walioumia na ya walioumizana. Kiwanda kizima kilikuwa kimepita vidoleni mwake, na siku hizi vidole vyenyewe vilianza kuuma tangu asubuhi. Nyumbani alikuwa na mumewe, dereva mstaafu, mtu mpole ambaye majirani walimwita Bwana Labda. Ukimuuliza kama paa litazibwa leo, labda. Kama amekula, labda. Mama Chapa alikuwa ameshazoea.

Siku moja, wakati wa mapumziko ya mchana, chumba cha pasi kiliungua. Hakuna aliyeumia, ila ziliteketea shuka mia mbili na meza tatu, na ukuta ukawa mweusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Meneja akataka maelezo ya kila aliyeona chochote kabla ya siku kwisha. Kwa hiyo Mama Chapa akakaa na daftari lake tangu saa saba, akiandika kwa mkono kisha akichapa, mmoja baada ya mwingine. Wa tisa na wa mwisho alikuwa mlinzi wa geti, mzee wa sauti ya chini anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Alieleza kwamba aliona aproni ya bluu ikitoka upande wa chumba cha pasi, muda mfupi kabla ya moshi. Uso hakuuona. Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba atakuwa ni mama wa pasi, maana huko ndiko anakofanyia kazi.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Mgongo ulikuwa unawaka. Mama Chapa akachapa kwa kifupi kwamba mzee alimwona mama wa pasi akitoka. Utaratibu ulimtaka amsomee maelezo yake kabla hajatia sahihi. Hakumsomea. Alimsogezea karatasi, na mzee akatia sahihi kwa kumwamini.

Siku tatu baadaye mama wa pasi alisimamishwa kazi, kwa madai kwamba aliacha pasi ikiwaka. Alikuja ofisini kuchukua nakala ya barua yake na ya maelezo yale, akayasoma palepale, amesimama, mkoba ukiwa begani. Hakulia wala hakugomba.

"Dada, huyu mzee aliniona kwa macho yake?"

Mama Chapa akajibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Mwenzake akaikunja karatasi mara nne, akaondoka. Mama Chapa hakuridhika na jibu lake mwenyewe. Akavuta daftari, akatafuta ukurasa. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe: aproni ya bluu, uso hapana, atakuwa mama wa pasi. Neno lilikuwa wazi kabisa, na yeye ndiye aliyelimeza.

Alishuka hadi getini, akamsomea mzee alichokitilia sahihi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilisema atakuwa, mwanangu. Sikusema ndiye. Ningejua ndiye, ningesema ndiye."

Alisema bila hasira, na hilo likamchosha Mama Chapa kuliko kama angegombezwa.

Akapanda ngazi tena. Meneja alikuwa anafunga mkoba aende zake. Akasoma daftari, akasoma karatasi, akasema haoni tofauti, kwani zote mbili zinamtaja mtu yuleyule.

"Kwenye karatasi ameona, bosi. Kwenye daftari amekisia. Aliyekosea ni mimi, nilikuwa nimechoka."

Meneja akarudisha daftari mezani. Kisha akasema jambo hilo haliwezi kupita bila barua ya onyo, na Mama Chapa akasema anajua. Barua ilitoka kesho yake. Kwa kuwa mchapaji mwingine hakuwepo, aliichapa mwenyewe, na makosa mawili ya tahajia ya meneja akayarekebisha humohumo. Jioni akamsimulia mumewe yote. Bwana Labda akakuna kidevu, akasema angeweza kunyamaza tu, hakuna ambaye angejua.

"Ningeweza," akamjibu, akavua viatu.

Uchunguzi mpya ulichukua wiki tatu. Wavaa aproni za bluu walikuwa kumi na wanne. Fundi umeme naye akasema huenda ni pasi, huenda ni waya mkuukuu wa ukutani, na kwa namna chumba kilivyoungua hakuna wa kuapa. Mama wa pasi akarudishwa kazini, lakini si kwenye pasi. Wakampeleka chumba cha kukunja, kazi ya kusimama kutwa nzima.

Mama Chapa alimfuata huko kumwomba radhi. Alikuwa amejiandaa kusema mengi, yakatoka maneno matatu tu. Mwenzake aliendelea kukunja, akasema bila kuinua macho:

"Yameisha, dada. Ila nikwambie ukweli, hata mimi sijui. Huenda niliichomoa ile pasi, huenda sikuichomoa. Siku ile nilikuwa hoi."

Mama Chapa hakuwa na daftari, na hata angekuwa nalo asingeliandika hilo. Alishika ncha mbili za shuka iliyokuwa mezani, mwenzake akashika mbili, wakaikunja. Wakachukua ya pili, na ya tatu. Ya nne ilikuwa na tundu la kupita kidole, wakaiweka kando.