Fundo la Merv Kwenye Nyumba ya Popo

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tano. Hapana, nadanganya, kumi na sita, maana kumi na tano nilikuwa bado nalala ndani ya gari kule Renmark nikichuma machungwa. Kumi na sita ndipo niliporudi Karlowie, mji wetu wa ngano na kondoo kusini mwa Australia, na Noelene Schirmer, mkutubi wa shule ya msingi, akanikamata mlangoni pa duka la mikate.

"Merv, wewe si una mikono?"

"Ninayo miwili, mama, na yote mivivu."

"Njoo nayo Jumatatu."

Alikuwa ameondoa kabati la ensaiklopidia, ambazo hazikufunguliwa tangu mvua ya mwisho ya maana. Mahali pake akaweka meza, misumeno midogo, gundi, na mota zilizong'olewa kwenye feni mbovu. Aliiita kona ya ufundi: watoto waje waunde watakacho. Mwalimu mkuu, Gavan Lutz, alimpa muhula mmoja. Ijumaa ya mwisho angekuja kuona, na kama kazi si za watoto wenyewe, kabati linarudi, na siku za kazi za Noelene zinapungua kutoka tano hadi mbili. Siku mbili zisingemlisha. Angelazimika kuhamia kwa dada yake mjini Adelaide, na yeye na dada yake huyo walikuwa hawapikiki chungu kimoja.

Sheria ilikuwa moja, imebandikwa ukutani: mtu mzima asiguse kazi ya mtoto. Mimi shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mbili, lakini hiyo niliweza kuisoma. Nilikabidhiwa ufagio.

Alhamisi, siku moja kabla ya Lutz kuja, watoto walipokwisha kwenda, nilibaki nifagie. Nikaona winchi ya kadibodi imeinama kama mlevi. Nikainyoosha kidogo, kwa waya. Halafu roboti ya makopo. Halafu sanduku la Bronte, msichana wa miaka tisa, ambalo tundu lake lilikuwa chini. Chini! Si ndege ataanguka? Nikaliziba kwa kibao, nikatoboa jingine mbele. Kufika saa kumi na moja, kazi zote kumi na nne zilikuwa zimesimama wima kama askari, na sakafu haijaguswa.

Sasa, kwetu kila mfunga uzio ana fundo lake la waya, na mkulima akiliona hulijua kama sahihi ya mtu. Mimi nimefunga uzio miaka thelathini. Gavan Lutz amekulia ndani ya uzio nilioufunga mimi.

Ijumaa akaja, akapewa chai na keki, akainama juu ya winchi, akalitazama fundo la waya. Akaisogelea roboti. Akainuka.

"Hongera, Merv. Umesoma vizuri muhula huu."

Noelene alinigeukia taratibu. "Jana nilikuambia ufanye nini?"

"Nifagie."

"Ulifagia?"

"Nilikusudia."

Bronte akapenya katikati yetu na sanduku lake. "Babu Merv, ni wewe uliyeiziba nyumba yangu ya popo?"

"Popo? Mimi nilijua ndege."

"Popo wanaingilia chini! Kitabu si hicho hapo nyuma yako!"

Akachukua koleo, akakata waya wangu, akafungua skrubu, akakitupa kibao. Wenzake kuona hivyo wakavamia meza. Mafundo yangu yakawa yanaanguka sakafuni moja moja. Winchi ikainama tena kama mlevi, ila safari hii ikainua kijiko cha mwalimu mkuu kutoka kwenye kikombe chake. Lutz alisimama pale dakika arobaini, keki mkononi, chai imepoa.

"Siku tano, Noelene," akasema akitoka.

Nikafagia waya wangu wote. Noelene alikuwa anafunga madirisha nilipomuuliza, nami namuuliza hadi leo tukikutana dukani, naye hugeuka tu akaagiza mkate: hivi nisingeziharibu kazi zile, Lutz angesimama kuangalia?