Usukani wa Watu Wawili

Nakumbuka asubuhi moja ya Desemba, mwanangu, nimejilaza ndani ya mashua ndogo ya tanga karibu na pwani ya Sisilia, niko macho kabisa, nikimsikiliza mume wangu akihangaika na upepo peke yake juu ya kichwa changu. Sikuinuka. Haikuwa zamu yangu.

Usinikodolee macho, hata sisi tulikuwa vijana. Baba Neema alikuwa amejifunza kuendesha tanga katika maziwa ya hapa Minneapolis, akaingiwa na kiburi. Tulipopata likizo ya pamoja kwa mara ya kwanza tangu harusi, tulimwacha mtoto wetu Neema mtaani Frogtown kwa msimamizi wetu wa ndoa, Mzee Onesmo, na mkewe, tukaenda kukodi mashua ya kututoa bandari hadi bandari, kutoka Sirakusa mpaka Katania. Wenyeji walituonya kwamba bahari ile wakati wa baridi si ya kuchezea. Tukacheka. Mtu wa Minnesota aogope baridi ya Sisilia?

Lakini baridi haikuwa shida. Shida tuliibeba kutoka nyumbani. Mimi nilikuwa nesi wa mchana Saint Louis Park, yeye alifanya kazi usiku katika nyumba ya wazee kule Inver Grove Heights. Tulipokezana funguo za gari mlangoni, mtoto naye vivyo hivyo. Sheria yetu ilikuwa moja tu: aliyelala haamshwi. Tulijisifu kwamba hatugombani. Tungegombana saa ngapi?

Basi tukaendesha mashua tulivyoendesha nyumba. Mmoja akishika usukani, mwingine analala chini, na kupokezana kwetu kulikuwa kwa ripoti fupi kama manesi wanaokabidhiana wodi. Asubuhi hiyo upepo uligeuka ghafla. Nilisikia kamba zikipiga mlingoti, nikasikia nyayo zake zikikimbia huku na huku. Nikajiambia, akinihitaji ataniita. Naye, alivyonieleza baadaye, alijiambia, mwache apumzike, amechoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wake ulikuwa juu ya kichwa changu, na bado niliuona mwepesi.

Kisha nyayo zikanyamaza.

Nilipanda mbio. Usukani ulikuwa unajizungusha wenyewe. Baba Neema alikuwa ananing'inia nje ya mashua, ameshikilia waya wa ukingoni kwa mkono mmoja, maji yakimfika kiunoni. Hata hapo hakuniita, mwanangu! Nilimkamata kola, nikamkamata mkanda, nikamvuta huku nikilia na kumtukana kwa lugha ya mama yangu. Nilivyompandisha sijui hadi leo. Akalala miguuni pangu akitetemeka, akanielekeza neno moja moja, nami nikashika usukani mpaka tukaingia Katania.

Tuliporudi, tukaigeuza safari hiyo kuwa hadithi ya kuchekesha watu baada ya ibada. Wote walicheka isipokuwa Mzee Onesmo.

"Mlikuwa watu wangapi kwa hiyo boti?" akauliza.

"Wawili, Mzee."

"Hapana. Alikuwa mmoja. Hata nikija kwenu nakuta mmoja. Mimi nilisimamia harusi ya watu wawili. Huyo mwingine huwa wapi?"

Niliona aibu, nikakasirika pia, maana alikuwa amesema kweli mbele ya watu.

Ilituchukua muda, lakini Baba Neema aliomba kazi ya mchana, na mshahara ukapungua. Gari letu lilizeeka mikononi mwetu, hatukuwa na pesa za jingine. Tukaanza kula meza moja, na kugombana pia, tena vizuri sana.

Majira ya baridi yaliyopita moyo wake ulichoka. Nilikaa kando ya kitanda chake hospitalini mpaka nesi mmoja, msichana wa kwetu, akanionea huruma. "Mum, enda home ulale kidogo. Sisi tuko kwa shift."

"Mimi siko kwa shift, mwanangu," nikamwambia.

Asubuhi, theluji ikianguka dirishani, Baba Neema alifumbua macho akidhani yuko baharini. "Nani ameshika usukani?"

"Tuko wawili," nikamjibu.

Akanifinya kidole. Mchana huo akatutoka.

Sasa nisikilize, wewe unayejivunia kwamba na mwenzako hamjawahi kukorofishana. Sikukatazi kazi, kodi ya nyumba hailipwi kwa mapenzi. Lakini kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ukielemewa, mwamshe. Akinung'unika, mwache anung'unike, mradi ameamka. Na ukisikia nyayo zake zinahangaika, inuka kabla hujaitwa, kwa sababu wengine hatujui kuita.

Mungu aijalie nyumba yako watu wawili, mwanangu. Na siku mmoja wenu atakapouliza ni nani ameshika usukani, awepo wa kumjibu.