Kesi ilisimamishwa kusubiri rufaa, mashine ikabaki stoo kwangu na mayai yake

Habari za asubuhi wakuu. Mimi si mtu wa kuogopa ovyo, na hiki ninachosema karani wa mahakama alikiona kwa macho yake.

Kwanza mnijue. Darasa la saba, nimeanza kwa kubeba mikungu ya ndizi stendi, leo nina nyumba tatu Bagamoyo (ya hapa Tukuyu, msije mkanitafuta Pwani). Wenye digrii wamepanga kwangu.

Nilinunua mashine ya kutotolesha vifaranga, ile inayogeuza mayai yenyewe. Kila yai nikaliandika X upande mmoja, O upande wa pili, nione kama kweli linageuka.

Wapi. X juu mpaka mwisho. Hakuna kifaranga hata kimoja.

Muuzaji akaniambia, "Mzee, hujui kuitumia."

Mimi? Nikafungua kesi.

Kumbe mama mmoja wa Kiwira alishamshtaki kwa mashine kama hiyo, akashinda, jamaa akakata rufaa. Hakimu akasema kesi yangu isimame kwanza mpaka rufaa iamuliwe.

Karani akaja kwangu, akaona X zote juu, akaandika, akachomoa waya, akafunga mashine kwa lakiri. Kwao hakuna nafasi, ikabaki stoo kwangu. Nikigusa, kesi imekufa.

Ikaingia masika. Ukungu wetu mnaujua, unaingia hadi jikoni. Asubuhi moja nikasikia vifaranga vinalia stoo.

Nikasema panya.

Halafu kuku wetu mweusi akahamia mlango wa stoo. Anaita kama mwenye watoto. Anaita, ananyamaza, anainamisha kichwa. Anaita tena.

Mke wangu akasema, "Baba Atu, fungua hilo dude ukalitupe."

"Nikifungua nimeshindwa kesi."

"Basi kaa nalo wewe." Akaenda kwao Masukulu.

Nikabaki. Mwanaume hakimbii mashine. (Ila redio nilikuwa siizimi.)

Rufaa ikatoka, mama wa Kiwira kashinda tena, kesi yangu ikaendelea. Karani akaja na muuzaji kukagua. Lakiri nzima. Waya unaning'inia, buibui kajenga kwenye plagi.

Karani akafungua.

O. Mayai yote, O juu.

Nikajua nimekwisha. Jamaa alitakiwa aseme tu, "Si hii hapa imegeuza?"

Hakusema. Aliuangalia ule waya. Akashika yai moja, akaliachia kama kaungua.

"Ni la moto," akasema taratibu. Halafu, "Mzee, nakulipa hela yako yote. Ila mashine sirudi nayo."

Akalipa kweli. Mama Atu hajarudi mpaka leo. Juzi nimemwita mnunuzi wa vyuma chakavu, kafika mlango wa stoo, kasikiliza, kaondoka bila hata kuuliza bei.

Nilichojifunza: dai haki yako, ila kesi ikisimamishwa, usikubali ushahidi ulale kwako.

Wanasheria na wafugaji, karibuni mtoe maoni. Ila anayetaka kuniambia ni panya, aje kwanza asimame pale na yule kuku.

Ndaga, asanteni.