Maji ya Kufutia Rangi ya Kucha

Miaka ile ya vita vikuu vya pili nilikuwa yaya Likoni, nyumbani kwa afisa mmoja Mzungu. Mtoto akilala mchana, kazi yangu ilikuwa kumfuta memsabu rangi ya kucha. Alikuwa na kichupa cha maji maangavu yenye harufu kali, tamutamu. Nililowesha pamba, nikaibana juu ya ukucha kidogo, na ile rangi nyekundu ikalainika ikatoka yote. Si kama hina, ambayo huingia ndani ya ukucha ikakaa mpaka ukucha ukue. Nikifika kidole cha kumi, kichwa kilikuwa kizito na ncha za vidole vyangu zimekauka, nyeupe kama nimeshika chokaa.

Mume wangu alifanya kazi Changamwe, kwenye banda la kupaka dawa ya kukaza mabawa ya kitambaa ya ndege za jeshi. Alikuwa akija nyumbani kwetu kila Jumamosi alasiri, amechoka hata salamu haimaliziki. Nikifua shati lake nasikia harufu ileile ya kichupa. Nilidhani ni pua yangu tu.

Siku moja nilikuwa napiga pasi ya mkaa memsabu akaniita nimfute rangi. Nikachukua kichupa, nikakiweka mezani karibu na pasi. Akaruka akakinyakua.

"Weka mbali! Hii asetoni. Mvuke wake mzito, unatambaa chini. Ukikuta moto, nyumba yote inawaka!"

Akafungua madirisha yote. Mimi nikabaki nimesimama, mawazo yamekwenda Changamwe.

Jumamosi ile nilimngoja mume wangu avue viatu.

"Huko bandani chai mnapikia wapi?"

"Mle mle, karibu na madebe ya dawa. Kwani?"

Nikamweleza. Alilala chali, akatazama makuti.

"Mke wangu, nimechoka," alisema. "Nikianza kumfundisha nyapara kazi, nitafukuzwa."

"Usimfundishe. Wewe hamisha jiko tu."

Jumatatu akalihamisha, akalipeleka mbali, nyuma ya mwembe. Nyapara alimwita mwoga. Wenzake walinung'unika kutembea juani kufuata chai.

Hazikupita wiki nyingi, debe zima la dawa likapinduka. Sakafu ikalowa ukuta kwa ukuta. Macho yaliwachoma, wakakimbilia mlangoni wakikohoa, na mmoja wao akaanguka palepale. Mume wangu alirudi ndani, nguo imeziba pua, akamburuta kwa mikono hadi kwenye upepo. Akazinduka, akatapika, akaomba maji. Moto haukuwaka. Nyapara alichouliza ni nani aliyeliacha debe wazi.

Jumapili moja yule aliyeanguka alikuja kwetu na kikapu cha mihogo. Alikaa mkekani.

"Shemeji," akaniambia, "mumeo kanieleza habari ya jiko ilitoka kwako. Mimi nina watoto wanne."

Nilimwambia akaribie chakula.

Mume wangu aliendelea na kazi ile mpaka vita vikaisha, kwa kuwa kazi nyingine haikuwepo. Mikono yake ilipasuka kama udongo wa kiangazi. Tulikuwa tukiketi mlangoni, nikimpaka mafuta ya nazi kidole kwa kidole, naye akisinzia kabla sijahamia mkono wa pili.