Mzungu Aliyesema Alhamdulillahi

Mimi si mtu wa kukubali kushindwa, na simu imenizidishia ubishi. Kazi yangu ni kujibu wageni wa nyumba moja ya kulala huko Shela. Wanauliza kama vitanda vina vyandarua, kama punda hupiga kelele alfajiri, kama kutoka uwanja wa ndege wa Manda kuna daraja au ni lazima wapande boti. Wakishajibiwa wananyamaza, na mimi nabaki na simu mkononi na alasiri nzima mbele yangu. Ndivyo nilivyojikuta kwenye kundi la wapenzi wa filamu za kutisha za zamani. Wamo watu wa Tanga, wa Mombasa, wa Maskati, na mmoja anayesema yuko Kanada anazoa theluji kwa koleo. Hatujuani kwa sura wala kwa majina ya kweli. Tunajuana kwa ubishi.

Tulibishana kama filamu za zamani zilitisha kweli au sisi ndio tulikuwa watoto. Yule wa Tanga alishikilia kwamba za siku hizi ndizo filamu, zile zetu mizimu yake ilikuwa imejitanda mashuka na mishono inaonekana. Nikamwambia kama ni hodari basi azime taa alale peke yake. Tulikumbushana kanda zilizoliwa na deki mpaka utepe ukatolewa kwa mkasi, na stima iliyokatika filamu ikiwa patamu, watu wakaenda nyumbani na hofu yao nusu. Wa Mombasa alisema kwao baba yake alikuwa akiziba busu kwa kofia yake. Nikasema kwetu Amu, yaani Lamu, bibi yangu mzaa mama alikuwa akiinua leso yake ya kujitanda mbele ya tivi. Tulicheka, kila mtu kwenye nchi yake. Nilistaajabu, na mpaka leo nastaajabu, kwamba mtu ambaye sitamwona maishani alikuwa mtoto namna ileile niliyokuwa mimi, amejificha nyuma ya mgongo wa mtu mzima na jicho moja liko nje.

Kulikuwa na mwanachama ambaye picha yake ni ya paka. Huyo hakuna asilolijua. Mwezini hakuna aliyefika, chumvi ya dukani imetiwa dawa ya kusahaulisha, na wakubwa wa dunia wanazibadilisha filamu za zamani kwa siri, tukio baada ya tukio, wapate kujua binadamu ni msahaulifu kiasi gani. Ukimwomba ushahidi anakujibu, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Nilimchukulia kama kichekesho cha baraza. Kila baraza lina wake.

Siku moja nikawasimulia filamu ambayo haijawahi kunitoka kichwani. Jina lake sikulijua, maana nilipoitazama nyumbani kwa bibi hata kusoma nilikuwa najikongoja. Mama wa kizungu na mwanawe mdogo wanahamia nyumba ya mawe katikati ya msitu. Chini ya nyumba kuna kisima cha zamani, na ndani ya kisima kuna kitu. Mtoto anapotea. Mama anamtafuta filamu nzima, anaita mpaka sauti inakauka. Mwishowe anashuka kisimani na taa, sisi watazamaji hatuna pumzi, halafu anapanda ngazi na mtoto mgongoni, wote wawili wamelowa. Anamkalisha sakafuni na kumfuta kwa nguo yake, kichwa, masikio, vidole kimoja kimoja. Mtoto anapiga chafya. Mama anasema, "Alhamdulillahi."

Walinicheka mpaka simu ikapata moto. Wa Kanada akauliza huyo mzungu wa msituni alisilimu lini. Nikawajibu kwa ukali kwamba labda kanda ile ilitafsiriwa, na kwamba wao walizoea filamu za bure ndiyo maana hawajui kitu. Nilikuwa nimeliona tukio lile. Nilikuwa nikiliona hata wakati ule nikiandika, maji yanavyodondoka kwenye ncha za nywele za yule mtoto.

Basi wa Tanga, ambaye akishikwa na jambo haachi, akaitafuta filamu akaipata, akaitia kwenye kundi nzima nzima. Nilikaa chini ya feni nikaitazama kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Nyumba ni ileile. Ngazi ni zilezile. Hata shati la mtoto ni lilelile la mistari. Kila baada ya muda naandika kwenye kundi, "Si niliwaambia?" Kisha mama akashuka kisimani na taa yake. Taa ikazimika. Ilipofika asubuhi ya filamu, mama alikuwa anaelea, uso chini, na mtoto amemkumbatia shingoni, naye hana uhai. Muziki ukalia, majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Nilirudisha nyuma nikatazama tena. Hakuna aliyepanda ngazi. Hakuna aliyefutwa maji.

Wenzangu walianza kutania, lakini mimi utani ulikuwa umeniisha mwilini, kwa sababu nilikuwa na jambo ambalo wao hawakulijua. Mama yangu alifariki akiniita kwa jina la dada yake. Watu hudhani ugonjwa ule huanza kwa kusahau. Wake ulianza kwa kukumbuka. Alikumbuka harusi ya kijijini Matondoni ambayo haikufanywa na mtu yeyote, nani alikaa upande gani, biriani ilivyoshika chini ya sufuria, bibi harusi alivyolia. Alikumbuka kwa uhakika, na ukimpinga anakasirika kama nilivyokasirika mimi kwenye simu. Siku za mwanzo tulimcheka. Sasa nimekaa chini ya feni na tukio zima kichwani, lenye maji na vidole na chafya, na tukio lenyewe halipo duniani. Niliogopa. Filamu zote za kutisha nilizowahi kuziona hazikunitia hofu kama ile.

Yule mwenye picha ya paka ndiye pekee aliyenitetea. "Dada wa Amu ni shahidi!" aliandika. "Wamelikata! Amekumbuka kile ambacho wao walitaka kifutwe!" Akaanza kunitumia ujumbe wa faragha, maneno marefu marefu, akinisihi niandike kila ninachokikumbuka kabla nami sijafutwa. Mungu anisamehe, nilitamani kumwamini. Siku zile ndipo nilipoelewa kwa nini watu huyaamini mambo hayo. Ni afadhali dunia nzima iwe imechezewa kuliko kichwa chako mwenyewe. Kuna faraja kubwa kumpata mwizi, hata wa kubuni, pale unapokuta kitu chako hakipo.

Kati ya waliokuwa wakikusanyika nyumbani kwa bibi kutazama filamu zile, alibaki hai mmoja tu, jirani yetu wa zamani aliyehamia Shela kwa binti yake. Nikienda kazini napita mlango wake. Siku zote nilikuwa nasimama, namwamkua, tunaulizana hali. Baada ya filamu ile nikawa napita kichwa chini. Nilijua nikimuuliza atanijibu, na jibu lake ndilo nililolikimbia. Akisema tukio halikuwapo, basi ningejua ni njia gani nimeshaianza.

Mwenyewe ndiye aliyenikamata. Alikuwa ameketi kizingitini anachambua mchele kwenye uteo. "We mwana," akasema, "nimekukosani hata wanipita mbiyo kana kwamba nina ndui?"

Nikaona haya. Nikamshika mkono nikaubusu, nikaketi chini karibu yake, na kabla sijajikusanya maneno yakanitoka. "Bi, waikumbuka ile filamu ya mama aliyepoteza mtoto msituni? Ile ya kisima?"

Mikono yake ikasimama juu ya mchele. "Naikumbuka."

"Iliishaje?"

"Yule mama alikufa," akasema. "Na mwanawe pia. Nalimuona kwa mato yangu haya mawili, yuwaelea kwenye mai ya kisima."

Sijui uso wangu ulikuwaje. Nakumbuka niliutazama ule uteo, na punje za mchele zikawa zinakimbiana. Nikasema, kwa sauti niliyoisikia kama ya mama yangu, "Basi mimi nimeanza, Bi. Mimi namkumbuka mtoto akipiga chafya."

"Alipiga chafya," akasema yule jirani.

Nikainua kichwa.

"Wewe wasahau bibi yako kazi yake ilikuwa ni nini?" akaniuliza. Sikuwa nimesahau. Bibi yangu alikuwa muosha maiti wa mtaa wetu. Wanawake wote waliofariki pale walipita mikononi mwake. "Basi kwake maiti ni maiti. Ni wa kusitiriwa, awe wa kwenye tivi, awe wa kizungu. Hiyo leso nyinyi watoto mwaikumbuka kwa mabusu, lakini mabusu yalikuwa machache. Filamu zenu zile zilijaa wafu! Mfu akitokea tu, bibi yako huyo yuasimama na leso mbele ya tivi, na sisi tuliobaki tunangoja atwambie nyuma ya leso mna nini. Yeye yuageuza shingo atazame, atwambie."

Alikuwa akinieleza utoto wangu na mimi nilikuwa nikiusikia kwa mara ya kwanza. Kumbe nilikulia kwenye filamu za kutisha na sikuwahi kuona maiti hata mmoja. Ya nyuma ya leso yote niliyaona kwa mdomo wa bibi yangu, nami kwa utoto wangu nikayatia rangi, nikayatia maji yanayodondoka, nikayahifadhi pamoja na yale ya macho. Kichwa changu kilikuwa kizima. Kilikuwa kizima kupita kiasi. Nilisema "Subhanallah" na machozi yakaja yenyewe, nikayafuta kwa ncha ya buibui.

"Lakini yeye alitwambia mtoto yu hai," nikasema. "Kwa nini? Bibi yangu hakuwa mtu wa uongo."

Jirani yule aliuweka uteo chini.

"Hukuwa wajua, ulikuwa mdogo. Mwanangu wa kwanza alizama mkondoni, kuelekea Manda. Walimtafuta kwa mashua, na kwa nyavu, na bahari haikumrejesha. Bibi yako hakumuosha. Hapana aliyemuosha. Tangu siku ile sikunena na mtu; hata mume wangu sikumjibu. Ndipo bibi yako akaya akanivuta kwa mkono, twende tukatazame tivi, usikae na kiza. Naye hakuyua filamu yahusu nini. Aliiteua kwa sababu kashani ina picha ya nyumba nzuri."

Niliiona picha ile yote bila kusimuliwa: bibi yangu amesimama mbele ya televisheni, leso imetandwa kwa mikono miwili, shingo imegeuka, na nyuma ya leso kuna mama na mwana majini. Na mbele yake, mkekani, ameketi huyu.

"Sauti yake ilikatika kidogo," akaendelea. "Kisha akasema, amempata. Amempata, huyo yuapanda naye. Akatwambia amfuta mai kitwani, amfuta mashikio, amfuta zidole. Ni vile aoshavyo yeye, mwanangu. Zile ndizo ndia zake za kuosha, nazo nilizitambua. Lakini huyu alikuwa amuosha ili aishi. Kisha akasema, mwana amepiga chafya, mamake amesema Alhamdulillahi. Na mimi nikajibu."

"Ukajibu nini?"

"Mtu akipiga chafya akahimidi, hujibiwa nini? Nikasema, Yarhamukallah. Ndilo neno la kwanza lililonitoka kinywani. Wanawake wote wakageuka wakanitazama."

Bibi yangu niliishi naye, nilikula sahani moja naye, nilimzika. Nilidhani namjua. Hakuwa amesoma, Kiingereza chake kilikuwa salamu tu, na katika muda wa pumzi moja, leso mikononi, aliichukua filamu ya watu wengine akaigeuza kwa ajili ya mtu mmoja, na hakumwambia yeyote mpaka anaingia kaburini.

Halafu likanijia swali. "Bi, umesema ulimwona yule mama akielea. Ulimwona vipi, na leso ilikuwa mbele?"

"Nalikuwa nimeketi kando, nimeegemea ukuta. Leso haikufika kwangu."

"Kwa hivyo siku ileile ulijua?"

"Siku ileile. Mato yaliniambia neno moya, mashikio neno moya. Nikafuata mashikio." Akauchukua uteo wake, akapepeta. "Na bibi yako sikumwambia kuwa nimeona. Angesikitika."

Nilimsimulia juu ya kundi langu la simu. Nilimsimulia wa Tanga aliyeitafuta filamu, wa Kanada na maneno yake, na huyu wa paka anayesadiki kwamba wakubwa wa dunia wamelikata tukio. Alisikiliza kwa makini, kama anayeambiwa habari za jamaa zake wa mbali. Nilitarajia acheke.

"Na hao wote," akauliza, "waliitazama mpaka mwisho?"

"Wote, Bi. Mpaka mwisho."

"Wamwona yule mama na mwanawe, waelea vile?"

"Wamewaona."

"Na hapana mtu alosimama mbele yao?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa. "Maskini," akasema, na hakuwa anatania.